Yule mrefu wa kituo cha treni

Msomaji wa Tanga ameuliza hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Marehemu baba yangu alipenda sana picha za kauboi. Kuna moja inaanzia kituo cha treni jangwani. Majambazi watatu wanasubiri treni, mmoja wao mweusi, mrefu, kipara, maji yanamdondokea kichwani. Wanapigwa risasi wote kabla picha haijachanganya. Kila tukiitazama, baba alikuwa anamnyooshea kidole yule mweusi na kusema, 'Huyu ndiye steringi.' Sisi watoto tulimcheka, maana steringi hafi. Juzi nimemwona tena kwenye Spartacus, na humo pia anakufa mapema. Ni nani huyu? Kwa nini kila picha anauawa? Na mtu anaweza kweli kuishi kwa nafasi ndogondogo namna hiyo?"

Marahaba, mwanangu. Baba yako alikuwa na jicho, tena la kuibia.

Huyo anaitwa Woody Strode. Alizaliwa Los Angeles tarehe 25 Julai 1914, na alifariki siku ya mwisho ya mwaka 1994. Picha ya kituo cha treni ni Once Upon a Time in the West ya Mtaliano Sergio Leone, iliyotoka 1968. Nakuomba uirudie ukiwa peke yako, bila wa kukupigisha soga, kwa sababu nusu ya jibu lako iko ndani ya zile dakika za mwanzo.

Watu watatu hawana la kufanya. Hakuna muziki, kuna upepo, na chuma kinacholia kwa kukosa grisi. Jack Elam, yule wa jicho lililopinda, anasumbuliwa na nzi usoni mpaka anamnasa kwenye mtutu wa bastola na kukaa anamsikiliza akivuma humo ndani. Al Mulock anajivunja vidole, kimoja kimoja. Strode amesimama chini ya tangi la maji. Tone linamwangukia kwenye kipara. Anainua macho, analiona linakotoka, na hasogei. Anachofanya ni kuvaa kofia. Matone yanaendelea kugonga juu ya kofia, maji yanajikusanya ukingoni, naye yuko palepale kama mnazi. Treni ikishafika ndipo anaivua ile kofia polepole na kuyanywa yale maji.

Mwigizaji mwingine angesogea hatua moja pembeni, na kipande kingekufa. Kukaa kimya bila kufanya kitu, huku kamera iko puani pako, ni kazi ngumu kuliko kulia machozi. Mimi niliwahi kuwa mlinzi wa mfalme jukwaani, sina neno hata moja, kazi yangu ni mkuki tu. Usiku wa kwanza pua ikaanza kuniwasha, na tangu siku hiyo nawaheshimu sana wanaojua kusimama.

Strode mwenyewe alieleza baadaye kwamba Hollywood haikuwahi kumpa uso wake kwenye skrini namna ile. Kwenye picha kubwa za nyumbani kwao kamera ilimpitia tu. Leone alimwekea kamera usoni na kuiacha hapo. Strode alikuwa na umri wa miaka 53. Alikuwa ameingia kwenye filamu tangu 1941.

Kabla ya filamu alikuwa mwanamichezo, na si wa mtaani. Baba yake alikuwa mwashi. Yeye akaenda chuo kikuu cha UCLA, akawa mtu wa riadha, mwili wa mita 1.93 usio na mafuta, na akacheza mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi. Timu ya chuo ya mwaka 1939 ilikuwa na Kenny Washington, Strode, na kijana mwingine aitwaye Jackie Robinson, ambaye mwaka 1947 angekuja kuvunja ubaguzi wa rangi kwenye besiboli. Ligi kubwa ya mpira wa Kimarekani, NFL, haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja tangu mwisho wa msimu wa 1933. Timu ya Rams ilipohamia Los Angeles 1946 na kutaka kutumia uwanja wa umma, ikabanwa: uwanja ni wa walipa kodi wote, chukueni na weusi. Wakamchukua Washington, kisha Strode. Strode alikuwa ameshavuka 30, akachezeshwa kidogo, akakaa msimu mmoja, akaachwa. Sisi leo tunahesabu jambo lile kuwa ushindi. Yeye alilikumbuka kwa uchungu, na alisema kwamba kama hata mbinguni atatakiwa yeye ndiye afungue mlango uliofungiwa weusi, basi hataki kwenda.

Akaenda Kanada, na mwaka 1948 akashinda kombe la Grey, kombe kubwa la mpira huohuo kule, na timu ya Calgary. (Mashabiki wa Calgary walifika Toronto na farasi na kofia za kauboi, kwa hiyo unaweza kusema ukauboi ulimfuata mpaka uwanjani.) Baada ya hapo, mieleka. Usiichukulie mieleka kama kitu cha kujazia wasifu. Mchezaji wa mieleka ya maonyesho anafundishwa jambo ambalo shule nyingi za uigizaji zinalifundisha vibaya: mtu aliyekaa kiti cha mwisho kabisa ukumbini ajue umeumia, umekasirika au umemdharau mwenzako, na yote hayo ayapate kwa mgongo na mabega yako, bila maneno. Strode alipofika kwa Leone alikuwa ameshalipwa kwa ufundi huo kwa miaka.

Filamu yake ya kwanza itakuchekesha wewe wa pwani ya huku. Inaitwa Sundown, ya 1941, na hadithi yake iko Kenya wakati wa Vita vya Pili. Strode ni askari mwenyeji wa huko. Ile "Kenya" waliipigia New Mexico. Hollywood ilipomwona kijana mrefu mweusi wa Los Angeles, kitu cha kwanza ilichofikiria ni kumpeleka Afrika ya kubuni, na ikaendelea kumpeleka huko kwa miaka kumi na tano. Picha za simba, picha za msituni, walinzi wa wafalme, watumwa. Mwaka 1952, katika Androcles and the Lion, alicheza simba mwenyewe: wakamvalisha ngozi, na uso wake hauonekani hata mara moja. Kwenye The Ten Commandments ya 1956 ni mfalme wa Ethiopia anayeletwa mbele ya Farao, na katika picha hiyohiyo ni mtumwa anayebeba kiti cha binti Farao. Mfalme na mtumwa, mtu mmoja. Sijui kama kuna wasifu mfupi zaidi ya huo wa mtu mweusi ndani ya Hollywood ya miaka ile.

Halafu ukaja mwaka 1960, na hapo ndipo Spartacus uliyoiona.

Kumbuka Draba, huyo Strode anayemcheza, ana maneno machache mno. Spartacus anamuuliza jina, yeye anakataa kumtajia, kwa sababu siku moja watapangwa wapigane na hataki kumuua mtu anayemjua jina. Siku hiyo inafika. Draba ana mkuki wa meno matatu na wavu, Spartacus ana upanga mfupi, na Warumi wamekaa juu wanapiga porojo. Draba anashinda. Meno ya mkuki yako shingoni kwa Kirk Douglas, ndiye Spartacus, Warumi wanataka damu, na hapo kamera inasubiri uso wa Strode uamue. Anageuka, anaurusha ule mkuki juu kwa waheshimiwa, anapanda kuwafuata, anachomwa mgongoni, na Laurence Olivier, mmoja wa wale Warumi, anammalizia kwa kisu shingoni. Kweli anakufa mapema. Lakini bila kifo hicho hakuna Spartacus, maana uasi wote unazaliwa pale mwili wake unaponing'inizwa kichwa chini mbele ya wenzake. Kipande hicho kilimfanya ateuliwe kugombea tuzo ya Golden Globe.

Sasa nikukosoe kidogo, mwanangu. Si kweli kwamba kila picha anauawa. Umemwona kwenye mbili tu, ukakutana na misiba miwili. Mwaka huohuo wa 1960 John Ford, mzee wa picha za kauboi kuliko wote, alimpa Sergeant Rutledge. Humo Strode ni sajenti wa Kikosi cha Tisa cha wapanda farasi, kimoja cha vikosi vya askari weusi vilivyoundwa 1866 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Anashtakiwa kumbaka na kumuua msichana mzungu, na hadithi inasimuliwa kutoka mahakama ya kijeshi. Hafi. Anatoka amesafishwa. Kampuni ilitaka mwigizaji mweusi mwenye jina kubwa zaidi, Ford akasema anamtaka huyu kwa sababu hao wengine si wagumu vya kutosha. Kuna kipande anavuka mto Pecos juu ya farasi, yeye mwenyewe, bila mtu wa kumwakilisha kwenye hatari. Strode alikuja kusema kwamba siku ile alikuwa amewavusha weusi wote mto ule. Ukikumbuka kwamba wanahistoria wengi hukadiria makauboi wa kweli wa karne ya 19 kwamba kama mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi, na ukikumbuka uliwaona wangapi kwenye picha za utotoni mwako, utajua kwa nini farasi mmoja kuvuka mto lilikuwa jambo la kukumbukwa.

Na bado, picha ina jina la cheo chake, hadithi ni yake, lakini kwenye orodha ya waigizaji jina la Strode ni la nne.

Picha ninayotaka uitazame kuliko zote, hata kuliko ya kituo cha treni, ni The Man Who Shot Liberty Valance, ya Ford, 1962. Mabango yana John Wayne na James Stewart. Strode ni Pompey, mfanyakazi wa Wayne. Ukisimuliwa hivyo utasema, haya, boi tena. Subiri.

Picha inaanza John Wayne ni maiti. Yaani steringi yuko ndani ya jeneza la mbao tangu mwanzo, na hapo kando, kwenye benchi, amekaa Pompey, mzee mwenye mvi, peke yake. Nyinyi mlimcheka baba kwamba steringi hafi. Ford alimuua steringi kabla hadithi haijaanza, akamwacha Pompey aketi na msiba.

Kisha tunarudishwa nyuma, na ukimfuata Pompey badala ya kuwafuata wakubwa utaona picha nyingine kabisa. Usiku ule wa risasi, Wayne amejificha gizani kwenye kichochoro, na Pompey ndiye anayemrushia bunduki. Mji mzima unaamini wakili Stewart ndiye aliyemuua jambazi Liberty Valance, na Stewart anapanda mpaka useneta kwa uongo huo. Pompey alikuwepo. Pompey anajua. Hasemi, na hakuna anayemuuliza. Wayne anapolewa kwa uchungu wa mapenzi na kuichoma nyumba yake, Pompey ndiye anayemtoa motoni.

Katikati kuna kipande cha darasa. Stewart anawafundisha watu wazima na watoto kusoma, na Pompey anasimamishwa aseme maneno ya Azimio la Uhuru wa Marekani. Anaanza vizuri, halafu anakwama hasa pale penye kusema kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mwalimu anamsaidia, Pompey anaomba radhi kwamba amesahau, na mwalimu anamwambia asijali, wengi hulisahau hilo. Kisha Wayne anaingia na kumrudisha kazini. Tazama mikono ya Strode pale. Jitu lile zima linasimama kama mtoto aliyeitwa ubaoni, bila kujidhalilisha hata chembe. Shuleni tulifundishwa kuna wahusika bapa na wahusika duara. Pompey aliandikwa bapa. Uduara wote aliuongeza Strode, bila kupewa mstari hata mmoja wa ziada.

Sikufichi kinachoniudhi: mwishoni seneta anamshika mkono na kumwachia noti kidogo, za kununulia nyama. Sijawahi kuamua kama Ford alituonyesha aibu ya seneta au hakuona aibu yoyote.

Nyuma ya kamera mambo yalikuwa ya moto pia. Ford alipenda kumchokoza Wayne kwa kumsifia Strode mbele yake: huyu ndiye mchezaji wa mpira wa kweli, huyu ndiye aliyevaa sare za jeshi wakati wa vita wakati wewe unatengeneza picha. Siku moja Wayne alikuwa anaendesha gari la farasi, farasi wakamponyoka, Strode akanyoosha mkono kushika hatamu, Wayne akamsukuma. Waliposhuka walikuwa tayari kupigana. Ford ikabidi amsihi Strode asimpige Wayne, kwa sababu picha haijaisha na bado wanamhitaji.

Zile za katikati nitazipitia haraka. Ford alimfanya Mkomanchi, Ulaya wakamfanya mtoto wa chifu wa Kiapache kwenye Shalako, na mara nyingine Mmongolia. Ana damu ya wenyeji wa Marekani kwa wazazi wake, ndiyo, lakini hawakumchagua kwa hilo. Uso wake ulikuwa uso wa kila asiye mzungu. Iliyo nzuri kuliko hizo ni The Professionals ya 1966. Watu wanne wanakodiwa kwenda Meksiko kumrudisha mke wa tajiri: Burt Lancaster, Lee Marvin, Robert Ryan, na Strode, mfuata nyayo anayerusha mishale yenye baruti. Wote wanne wanatoka hai.

Halafu Italia, na hapa kuna jambo ambalo ndugu zetu wa Kongo wanapaswa kulijua zaidi. Mwaka uleule wa 1968, mwongozaji Valerio Zurlini alimfanya Strode kuwa mhusika mkuu wa Seduto alla sua destra, jina ambalo kwa lugha ya Biblia yetu lingekuwa "Ameketi mkono wake wa kuume". Marekani waliiita Black Jesus. Strode ni Maurice Lalubi, kiongozi Mwafrika anayekamatwa, anateswa na kuuawa na askari wa kukodiwa. Jina limebadilishwa, lakini hakuna anayeshindwa kumwona Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Ilipangiwa tamasha la Cannes la 1968, tamasha likavunjika katikati kwa vurugu za Mei huko Ufaransa. Naona picha ina kasoro. Zurlini anamkazania mno Yesu mpaka Lumumba mwanasiasa anapotea. Ila Strode ndani ya ile selo, akitumia ukimya uleule wa chini ya tangi la maji, anabeba picha nzima mabegani. Kwa hiyo steringi alikuwa. Ilibidi avuke bahari.

Umeuliza kama mtu anaishi kwa nafasi ndogo. Anaishi, kwa jasho. Steringi analipwa picha nzima. Mtu wa pembeni analipwa siku au wiki zake, kisha anaondoka akatafute nyingine. Strode alijazia kwa mieleka mpaka miaka ya 1960, na Italia ilimlipa vizuri kuliko kwao. Lakini angalia urefu: filamu ya kwanza 1941, ya mwisho 1995. Mastaa wangapi wa 1941 walikuwa bado wanaitwa kazini miaka hamsini na kitu baadaye? Steringi akizeeka wanatafuta kijana anayefanana naye. Strode alipozeeka hawakupata wa kufanana naye.

Mwaka 1993, Mario Van Peebles alipotengeneza Posse, picha ya makauboi weusi, alimweka Strode mwanzo na mwisho kama mzee anayesimulia. Na kama una watoto nyumbani, yule kauboi wa kitambaa wa Toy Story, anayeitwa Woody, amepewa jina la huyuhuyu.

Ya mwisho ni The Quick and the Dead, ya Sam Raimi. Alifariki kabla haijaingia kwenye kumbi, wakaiweka kwa kumbukumbu yake. Humo anaonekana kidogo tu, kama baba alivyomzoea. Ni mzee wa mji wa makauboi wanaouana kila siku, na kazi yake ni kuwatengenezea majeneza.